Hesabu Imekimbia, Tanuri Limebaki Nyuma

Jumatatu ya Mei 1, 2023, watafiti wa akili mnemba kutoka pande zote za dunia walianza kupanda kilima cha Kimihurura, Kigali, kuelekea kwenye ule ukumbi wa mikutano wenye kuba inayowaka rangi usiku. Walikuja kwa ajili ya ICLR, mkutano ulioasisiwa mwaka 2013 na Yann LeCun na Yoshua Bengio, ambao sasa ni mmoja wa mikutano mitatu inayoheshimiwa kuliko yote katika fani yao. Kabla ya siku hiyo haukuwahi kuwakutanisha watu ana kwa ana katika ardhi ya Afrika. Ulikuwa umepangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, korona ikauhamishia kwenye skrini za kompyuta.

Kuletwa kwake Afrika kulikuwa na sababu. Mwaka 2018 mkutano mwenzake, NeurIPS, ulifanyika Montreal, na mwaka uliofuata Vancouver. Mara zote mbili watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada, wakiwamo waliokwenda kuwasilisha kazi zao wenyewe. Rwanda, kwa upande wake, tangu Januari 2018 inampa viza mgeni wa taifa lolote anapowasili, na mwanafunzi anayetoka Kampala anaweza kupanda basi jioni akashuka Kigali asubuhi. Kwa wengi wa Afrika Mashariki ilikuwa mara ya kwanza mkutano mkubwa wa dunia wa sayansi hii kufanyika mahali wanapoweza kufika.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa za mkutano mkuu, na mbili za mwisho zilitengwa kwa warsha. Warsha moja kati ya hizo ilihusu safari ya kutoka kwenye molekuli hadi kwenye maada: jinsi ya kutumia akili mnemba kutafuta maada mpya, yaani betri, vichocheo, aloi, sponji za kunasa hewa ya ukaa, na vitu vingine vigumu ambavyo bado havijatengenezwa na yeyote. Haikuvuta vichwa vya habari. Mwaka ule kila mtu alikuwa anazungumzia mashine zinazoandika insha. Hata hivyo kwa eneo lililozungukwa na bati, tungsteni, tantalamu, kobalti, nikeli na kinywe, hakuna mada iliyokuwa karibu na nyumbani kuliko hiyo.

Ugumu wa kutafuta maada mpya unaanza na hesabu za shule ya sekondari. Tuseme kuna elementi 80 zinazoweza kutumika bila shida kubwa. Ukitaka kuchagua nne ili zikae pamoja ndani ya fuwele moja, kuna makundi 1,581,580 ya kuchagua. Hapo bado hujaamua kila elementi iwe kwa kiasi gani, wala atomu zake zikae wapi. Ukiongeza maamuzi hayo mawili, idadi inapita uwezo wa maabara zote za dunia hata zikifanya kazi kwa karne nyingi. Ndiyo maana kwa muda mrefu ugunduzi wa maada ulitegemea uzoefu, subira na bahati. Thomas Edison na wasaidizi wake walijaribu maelfu ya vitu wakitafuta uzi wa taa ya umeme. Ule uliodumu, wa tungsteni, ulipatikana baadaye katika mikono ya watu wengine, miongo kadhaa tangu taa yake ya kwanza. Tungsteni hiyo hiyo inachimbwa leo Nyakabingo, wilayani Rulindo, kaskazini mwa jiji la Kigali.

Mlango wa kwanza wa kutokea katika msitu huo wa machaguo ulifunguliwa na fizikia. Tabia za kitu chochote kigumu, kama vile rangi, ugumu na uwezo wa kupitisha umeme, hutegemea elektroni zake, na elektroni hufuata sheria za kwanta. Tatizo ni kwamba kila elektroni inazisukuma nyingine zote, hivyo kuzifuatilia moja moja ni kazi isiyokwisha. Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walionyesha kwamba si lazima kufanya hivyo. Inatosha kujua elektroni zimesambaa vipi, wapi zimesongamana na wapi ni haba. Mengine yote yanaweza kukokotolewa kutoka hapo. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Jeu Sham walitoa njia ya kuifanya hesabu yenyewe, na mwaka 1998 Kohn akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Njia hiyo ndiyo nguzo ya fani hadi leo, ila ina gharama. Ukiongeza idadi ya atomu mara mbili, muda wa kompyuta huongezeka takriban mara nane. Ukiziongeza mara kumi, muda huongezeka mara elfu. Fuwele ndogo inachukua dakika au saa, lakini kubwa inaweza kuifunga kompyuta ya chuo kikuu kwa wiki nzima. Watafiti wa dunia walizifanya hesabu hizo kidogo kidogo na kuziweka pamoja. Mwaka 2011 Maabara ya Kitaifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, ilizindua Materials Project chini ya uongozi wa Kristin Persson, kanzidata ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua bure na kusoma tabia za maada zilizokokotolewa, zikiwamo nyingi ambazo bado hazijatengenezwa maabara.

Hapo ndipo akili mnemba ilipopata cha kujifunzia. Mwaka 2018 Tian Xie na Jeffrey Grossman wa taasisi ya MIT walichapisha mtandao wa neva uliofundishwa kuitazama fuwele kama ramani: kila atomu ni kituo, na kila ujirani kati ya atomu mbili ni barabara. Mtandao hupitisha taarifa kutoka kituo hadi kituo mpaka kila atomu "ijue" majirani zake na majirani wa majirani, kisha hutoa makadirio ya nishati ya fuwele nzima. Hautatui milinganyo ya kwanta. Umeona makumi ya maelfu ya majibu ya milinganyo hiyo, ukajifunza kukisia jibu linalofuata. Kisio hilo huja ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Novemba 2023, miezi sita baada ya wageni kuondoka Kigali, Google DeepMind walitangaza katika jarida la Nature walichokipata kwa kutumia mitandao ya aina hiyo. Mfumo wao, GNoME, ulipendekeza fuwele mpya milioni 2.2, na kati ya hizo takriban 380,000 zilihesabiwa kuwa imara kiasi cha kufaa kujaribiwa. Imara hapa ina maana maalumu: kampaundi ikiachwa yenyewe, haina sababu ya kinishati ya kuvunjika na kugeuka mchanganyiko wa kampaundi nyingine zilizo tulivu zaidi. Kabla ya hapo fuwele zilizokuwa zimefahamika kuwa imara kwa kipimo hicho zilikuwa kama 48,000. Na 736 kati ya zile zilizopendekezwa zilikuwa tayari zimetengenezwa na wanasayansi wengine kwa njia zao wenyewe, jambo lililoonyesha kwamba mashine haikuwa inaota ndoto tupu.

Katika toleo hilo hilo, kundi la Berkeley lilieleza kuhusu A-Lab, maabara ambamo roboti hupima unga, huuchanganya, huuingiza katika tanuri, kisha huupiga eksirei na kusoma matokeo. Walisema roboti hizo zilifanikiwa kutengeneza maada 41 kati ya 58 zilizolengwa, katika siku 17 za kazi mfululizo.

Halafu wakemia wakaanza kusoma kwa makini.

Robert Palgrave wa University College London na Leslie Schoop wa Princeton, pamoja na wenzao, walizipitia picha za eksirei za A-Lab moja baada ya nyingine. Hitimisho lao lilikuwa kali: hakuna hata maada moja mpya iliyothibitishwa. Nyingi zilikuwa kampaundi zilizojulikana zamani, na nyingine zilikuwa mchanganyiko wa vitu viwili au vitatu uliosomwa vibaya na programu. Kundi la Berkeley lilitetea kazi yake, na mjadala huo umekuwa na faida kubwa kuliko tangazo lenyewe, kwa sababu umeonyesha mahali hasa mashine hujikwaa.

Mahali penyewe ni mpangilio. Kompyuta hupenda atomu zilizokaa kwa utaratibu. Ikiambiwa fuwele ina tantalamu na kromiamu, huweka tantalamu hapa na kromiamu pale, kisha hurudia mpangilio huo hadi mwisho, kama shanga nyekundu na nyeupe zilizotungwa kwa zamu. Ndani ya tanuri, kwenye joto la nyuzi elfu moja na zaidi, elementi mbili zinazofanana ukubwa hubadilishana nafasi kiholela. Kinachotoka ni fuwele ile ile ya kale yenye atomu zilizochanganyika, na mara nyingi iliandikwa katika majarida kabla watafiti wengi wa leo hawajazaliwa. Mashine inaiona mpya kwa sababu imeichora kwa mpangilio ambao maumbile hayakuufuata.

Tantalamu na kromiamu hazikutajwa kwa kubahatisha. Januari 2025 Microsoft walichapisha, pia katika Nature, mfumo wao uitwao MatterGen, kazi iliyoongozwa na Tian Xie yule yule. Badala ya kuchuja orodha ndefu, MatterGen huombwa kitu chenye sifa fulani, nao hubuni fuwele kuanzia mwanzo. Ulipoagizwa ubuni maada ngumu kubinywa, yenye kipimo cha gigapaskali 200, ulipendekeza kampaundi ya tantalamu, kromiamu na oksijeni. Wenzao wa Shenzhen, China, waliitengeneza, wakaipima na kupata gigapaskali 169. Kwa kisio la kompyuta pekee hilo si jambo dogo. Lakini fuwele iliyotoka kwenye tanuri ilikuwa na atomu zilizochanganyika nafasi, kama waandishi wenyewe walivyoeleza, na wakosoaji wakaonyesha kwamba kampaundi yenye muundo huo ilikwisha kuripotiwa mwaka 1972.

Msomaji wa Kigali au Goma ana sababu ya kusimama hapo kidogo. Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa tantalamu duniani. Madini yake, koltani, huchimbwa kwa sururu na koleo katika machimbo kama Rubaya, Masisi, na vita vya Kivu vimeyazunguka kwa miaka mingi. Elementi iliyotoka kwenye udongo wa aina hiyo ikawa mfano wa kuonyesha uwezo wa mashine iliyobuniwa na kampuni ya Marekani, ikapimwa China, kisha ikabishaniwa na wakosoaji. Katika mlolongo wote huo, mchango wa eneo hili uliishia kwenye shimo la mgodi.

Hata hivyo haikuwa lazima iwe hivyo, na kwa sehemu sivyo ilivyo. Kabla akili mnemba haijawa gumzo, kuna watu Afrika Mashariki waliokuwa wakifanya hesabu za Kohn. Shule ya Kiafrika ya mbinu za muundo wa elektroni, ASESMA, ilianzishwa kwa juhudi za Richard Martin wa Illinois, Sandro Scandolo wa kituo cha ICTP cha Trieste na Nithaya Chetty wa Afrika Kusini, na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, Kenya. Wanafunzi walikaa wiki mbili wakijifunza kuendesha Quantum ESPRESSO, programu huria ambayo haidai leseni. Wengi walirudi kwenye vyuo vyenye kompyuta chache na umeme wa kukatika, wakaendelea na kazi. Waliopitia shule ile na kuwa wahadhiri wanafundisha sasa kizazi kingine.

Mwaka 2018 ICTP, kituo alichokiasisi Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanafizikia wa nchi maskini, kilipata tawi Kigali ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda: Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi, EAIFR. Mkurugenzi wake wa kwanza, Omololu Akin-Ojo, ni mwanafizikia ambaye fani yake ni hesabu hizi hizi za maada. Mwaka huo huo AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati, ilianzisha Kigali shahada ya uzamili ya akili mnemba chini ya Moustapha Cissé, na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon tayari kilikuwa na kampasi yake mjini humo. Kwa hiyo wageni wa ICLR hawakutua mahali patupu. Kigali ilikuwa na wanafizikia wa maada, na ilikuwa na watu wa akili mnemba. Agosti 2025 Deep Learning Indaba, mkutano mkubwa wa Waafrika wenyewe wa fani hii, nao ulifanyika Kigali.

Pia kile kilichokuwa ghali zaidi kimeshuka bei. Msimbo wa MatterGen umewekwa wazi. Oktoba 2024 Meta walitoa bure hesabu zaidi ya milioni 110 za aina ya Kohn, pamoja na mitandao iliyofundishwa kwazo. Kundi la Cambridge lina mtandao wake unaopakuliwa na kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Mwanafunzi wa Huye au Dodoma anaweza leo kukadiria uimara wa fuwele elfu moja kabla ya chakula cha mchana, kazi ambayo mwaka 2012 ingemla miaka yote ya shahada ya uzamivu.

Basi kilichokwama kiko wapi? Kipo katika kutengeneza na kupima. Tanuri la kufika nyuzi 1,500 bila kuyumba, kemikali safi zinazowasili kwa wakati, mashine ya eksirei inayofanya kazi, na zaidi ya yote fundi anayeweza kuitengeneza inapoharibika. Kwa vipimo vya ndani zaidi huhitajika mashine ya sinkrotroni, ambayo huzungusha elektroni kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga ili kupata eksirei kali mno, na Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi wa kudumu lisilokuwa nayo hata moja. Orodha ya GNoME ina mamia ya maelfu ya mapendekezo, na hata nchi tajiri hazina mikono ya kuyajaribu yote. Hesabu imekimbia, tanuri limebaki nyuma. Serikali na wafadhili wa eneo hili wanapopanga bajeti ya akili mnemba, fedha nyingi huelekezwa kwenye kompyuta na mafunzo ya programu. Kwa fani hii, huo ni upangaji wenye kasoro: senti ya kwanza ilipaswa kwenda kwenye mashine ya eksirei na mshahara wa fundi wake.

Kuna jambo jingine ambalo fedha peke yake hazilitatui, nalo ni swali gani linaulizwa.

Usiku wa Mei 2 kuamkia Mei 3, 2023, mkutano ukiwa katikati, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mto Sebeya ulifurika. Miteremko iliporomoka Rubavu, Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu. Watu zaidi ya 130 walifariki na maelfu ya nyumba zilibomoka. Nyumba nyingi za vijijini Rwanda hujengwa kwa rukarakara, matofali ya udongo na nyasi yanayokaushwa kwa jua bila kuchomwa. Hakuna tofali linaloweza kuuzuia mlima unaoshuka, lakini ukuta wa udongo uliolowa kwa saa kadhaa huanguka wenyewe hata pasipo mlima. Udongo upi, ukichanganywa na kiasi gani cha chokaa au majivu ya volkano ya Musanze, unavumilia maji kwa bei ambayo mkulima anaimudu? Hilo ni swali la maada kama lilivyo la betri, na kanzidata ya Berkeley haina jibu lake, kwa sababu udongo si fuwele safi na hakuna aliyeuingiza humo.

Si kwamba mbinu haziwezi. Mwaka 2022 Meta na Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, walitumia akili mnemba kubuni michanganyiko ya zege inayotoa hewa ya ukaa pungufu kwa takriban asilimia 40, wakaijaribu katika ujenzi wa kituo cha data cha DeKalb. Faida yake ni kubwa, maana saruji huchangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Lakini kinachostahili kuangaliwa na wahandisi wa huku ni ukubwa wa data iliyoufundisha mfumo ule: sampuli 1,030 tu, kutoka mkusanyiko uliowekwa hadharani na I-Cheng Yeh. Kila sampuli ni mstari mmoja wenye kiasi cha saruji, maji, majivu, kokoto na mchanga, umri wa zege kwa siku, na nguvu yake ilipokandamizwa hadi kupasuka.

Vipimo hivyo hufanyika kila wiki Kigali, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Hakuna ghorofa inayosimama kihalali bila vipande vya zege kupasuliwa siku ya 7 na siku ya 28. Matokeo huandikwa kwenye fomu, fomu huingia kwenye faili la mradi, na faili husahaulika mradi ukiisha. Humo mna taarifa za saruji ya huku, mchanga wa mito ya huku na joto la huku, ambazo mfumo uliofundishwa kwa data ya kigeni hauzijui. Kuzikusanya hakuhitaji mtambo wa mabilioni.

Betri nazo zina somo lake. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake wa Oxford walipata maada ya kobalti iliyowezesha betri ya lithiamu ya simu na kompyuta, na kobalti ikaifanya Kolwezi kuwa jina linalotajwa katika vikao vya wakurugenzi duniani kote. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia. Mwaka 1997, akiwa Texas, Goodenough huyo huyo na wenzake walichapisha maada nyingine ya lithiamu, chuma na fosfeti, isiyo na kobalti hata chembe. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kuenea, lakini imeenea. Pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand zilianza kubeba abiria Kigali mwaka 2019, na kampuni hiyo imeingia ubia na BYD ya China, mtengenezaji anayejulikana kwa betri za chuma na fosfeti. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria. Mwezi uliofuata Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka. Sababu kuu ilikuwa wingi wa madini sokoni, ila betri zisizoihitaji zilichangia.

Kwa hiyo ugunduzi wa maabara ya mbali ulishusha gharama za dereva wa Nyabugogo na wakati huo huo ukapunguza thamani ya jasho la mchimbaji wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi. Safari ile ilichukua miongo. Akili mnemba ikiifupisha iwe miaka michache, nchi inayopanga bajeti kwa kutegemea kinywe cha Mahenge, nikeli ya Kabanga au lithiamu ya Manono inahitaji watu wake wanaosoma makala hizi za utafiti zinapotoka, wenye uwezo wa kuzipima dai kwa dai kama Palgrave na Schoop walivyofanya. Wizara za madini za eneo hili zina wanajiolojia hodari. Zinahitaji pia wakemia wa hali mango.

Kwamba maada mpya inaweza kutoka hapa, Arusha ilikwisha kuonyesha. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na maada za nano, zikirekebishwa kulingana na uchafu wa eneo husika, ikiwamo floraidi inayoharibu meno na mifupa ya watu wa ukanda wa Kilimanjaro na Meru. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Hilonga alianzia kwenye maji ya kijijini na kumalizia kwenye kemia. Ni mwelekeo ambao warsha za akili mnemba huufuata mara chache, kwani nyingi huanza na data iliyopo kisha kutafuta tatizo la kuitumia.

Pa kuanzia pasipohitaji kusubiri mfadhili papo, na mfano wake hautoki kwenye kampuni kubwa. Mwaka 2016 kundi dogo la Chuo cha Haverford, Pennsylvania, likiwamo Alexander Norquist, Joshua Schrier na Sorelle Friedler, lilichapisha katika Nature utafiti uliotumia madaftari ya maabara yao wenyewe. Humo mlikuwa na karibu majaribio 4,000, mengi yakiwa yale ambayo hakuna jarida lingekubali kuyachapisha: fuwele zilizokataa kuota, mchanganyiko uliogeuka tope, unga usio na umbo. Waliyaingiza yote kwenye kompyuta. Mfumo uliofundishwa kwa makosa hayo ulitabiri masharti ya kutengeneza fuwele mpya kwa mafanikio ya asilimia 89, wakati makisio ya watafiti wazoefu yalifikia asilimia 78.

Mashine inayoonyeshwa fuwele zilizofaulu tu haina namna ya kujua mpaka uko wapi, na majarida ya sayansi huchapisha zilizofaulu tu. Yale mengine yamo kwenye madaftari ya wanafunzi wa kemia wa Makerere, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nairobi, Eldoret na Huye: miongo ya majaribio ya kauri, udongo, vichocheo na rangi, mengi yakiwa na maelezo mafupi kwamba hakuna kilichopatikana. Mstari mmoja kwa kila jaribio unatosha, ukiwa na kemikali zilizotumika na vipimo vyake, nyuzi za joto, saa ndani ya tanuri, na kilichotoka, hata kama ni tope.